Mlango wa Kushoto

Usiku ule tulilikokota sweta la Nicanor
kutoka chemchemini hadi kizingitini,
mikono yake mitupu ikiburura vumbi
kama mtoto anayekataa kurudi nyumbani.
Doña Asunta alitangulia, kandili mkononi,
akiita: Nicanor, njoo. Usikae majini. Mama amepika.
Mimi nilifuata nimekatazwa kugeuka,
maana roho ni kondoo mwoga,
ukimkazia macho, haji.

Kaka yangu hakuwa chemchemini.
Alikuwa ndani, chali, macho makavu,
usiku wa kumi na tisa bila lepe,
akisikiliza sauti zilizomo ukutani
na kuzijibu kwa adabu, moja moja,
kama wageni waliotoka mbali.

Kishtuko, alisema mama.
Aliteleza pale akirudi kutoka mgodini,
mlima ukambakiza kivuli.
Kishtuko hakina aibu, humpata yeyote,
hata padri, hata punda wa padri.
Lakini lile neno jingine,
lililoandikwa kwa rangi ya buluu mlangoni pa zahanati,
halikutamkwa kwetu hata kwa kunong'ona.
Kuta zetu ni za udongo,
na udongo ulikuwa ukutani kwa jirani kabla haujawa wetu.

Nisiseme uongo: alilala.
Siku tatu, sweta chini ya kichwa,
lingali na miiba ya njiani.
Ya tatu hata aliniuliza kama alpaka mweupe amezaa.
Ya nne nikamkuta juu ya paa,
peku, kwenye jalidi,
akimwomba radhi mtu nisiyemwona.

Tukateremka mjini kwa lori la viazi.
Kule barazani milango ni miwili:
wa kushoto, kifua kikuu;
wa kulia, lile neno.
Na kwenye benchi, nani? Mke wa Saturnino.
Pembeni yake shangazi wa mchumba,
wa ukoo uliokwisha kupokea kondoo wawili na ahadi.
Mama akamshika Nicanor kiwiko, akamwelekeza kushoto.
"Kohoa," alimwambia. "Kohoa mwanangu, wanatutazama."
Na kaka yangu, mwenye mapafu ya kupuliza tarumbeta
sikukuu nzima bila kukaa kitako,
akakohoa.

Nimemwona mama akiomba mvua.
Nimemwona akiomba mkopo, akimsihi askari.
Kuomba ugonjwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Muuguzi, Yovana jina lake, alikisikiliza kile kifua,
akakisikiliza tena, akavuta pazia.
Akasema kwa Kikechua, kile cha jikoni:
"Mama, kifua hiki kizima. Nani halali usiku?"

Mama alivitazama viatu vyake.
Kisha akaanza kuhesabu, si kwa tarehe,
kwa mavuno: tangu viazi vya mwanzo,
tangu mwamba ulipomfunika Hermógenes
na Nicanor akabaki ameshika kofia yake tu,
tangu, tangu.
Yovana hakucheka ilipofika habari ya chemchemi.
Nayo aliiandika.

Vidonge tunavificha kwenye kopo la sukari.
Havifanyi miujiza. Vinamnenepesha,
vidole vinamtetemeka akifunga vifungo,
na kuna siku bado anaujibu ukuta,
ila sasa kwa ufupi, kama mtu mwenye kazi.
Mchumba alirudisha pete. Kondoo hawakurudi.
Sokoni mama bado husema: mapafu.

Juzi jioni Doña Asunta alipita
kuchukua deni lake la majani ya koka.
Alikaa sana. Alisifu chai. Akasifu kopo.
Mlangoni akanivuta ushungi:
"Ule mlango wa kulia," alisema,
"hufunguliwa saa ngapi?
Si kwangu mimi. Ni jirani yangu."

Nikamwambia: saa mbili, Jumanne, awahi.
Nikasimama kumwangalia akipanda.

Doña Asunta hana jirani.
Nyumba yake ndiyo ya mwisho
kabla ya theluji.